Serikali inaponunua vyeti vya umeme wa jua kwa mfanyabiashara mdogo, pesa inafika wapi?

Mwenye bekari huko Illinois, Marekani, akifunga paneli za jua juu ya paa lake, anaanza kuzalisha vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni umeme wenyewe, unaowasha tanuri na unaoingia kwenye gridi ukizidi. Cha pili ni haki ya kutamka kwamba umeme ule umetokana na jua. Vitu hivyo viwili vinaweza kuuzwa kwa watu wawili tofauti, kwa bei tofauti na kwa mikataba tofauti, na sheria inalikubali hilo. Hicho cha pili ndicho cheti cha nishati jadidifu, yaani nishati isiyokwisha kama ya jua na upepo, na miongoni mwa wanunuzi wake ni serikali.

Serikali ya Marekani ina jukumu mara mbili hapa. Sheria moja inaitaka itumie umeme safi kwa kiwango fulani. Sheria nyingine, yenye umri mkubwa zaidi, inaitaka itenge sehemu ya manunuzi yake kwa wafanyabiashara wadogo. Ukiziweka pamoja unapata tenda ambayo kwa nje inapendeza sana: ofisi ya umma inanunua vyeti vya umeme safi kutoka kwa mfanyabiashara mdogo. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba tenda hiyo inaweza kutimiza sheria zote mbili barabara, na bado mwenye bekari asione hata senti. Ili kuelewa kwa nini, inabidi kukifungua cheti chenyewe kwanza.

Umeme ukishaingia kwenye gridi hauna alama. Wa upepo, wa makaa ya mawe na wa nyuklia unapita waya ule ule, na hakuna mita inayoweza kuutenganisha. Ni kama kituo cha kukusanyia maziwa: lita za mfugaji mmoja zinamwagwa kwenye tangi pamoja na za wenzake wote, na kinachobaki kuthibitisha mchango wake ni karatasi aliyoandikiwa alipopimiwa. Cheti ni karatasi hiyo. Kila megawati-saa moja, yaani uniti 1,000 kwa hesabu ya luku, inazaa cheti kimoja. Kinakuwa na namba yake pekee, jina la mtambo, chanzo cha nishati, mahali, na mwezi na mwaka umeme ulipozalishwa. Vyeti hivi vinatunzwa kwenye madaftari ya kielektroniki: majimbo ya magharibi ya Marekani yanatumia WREGIS, ya kati M-RETS, na sehemu kubwa ya mashariki PJM-GATS. Mnunuzi akishakitumia cheti kujihesabia umeme safi, kinafungwa kwenye daftari na hakiuzwi tena.

Anayekishika cheti ndiye pekee mwenye haki ya kusema ametumia umeme safi, na hili huwashangaza wafanyabiashara wengi. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, katika mwongozo wake wa mwaka 2012 kuhusu matangazo ya mazingira, imetoa mfano wa kiwanda cha kutengeneza vitu vya kuchezea watoto. Kiwanda kimefunga paneli juu ya paa na kinatumia umeme wa paneli hizo hizo. Kinatangaza kwamba kinaendeshwa kwa jua kwa asilimia 100. Lakini kimeviuza vyeti vyote. Mwongozo unasema tangazo hilo linapotosha wateja, kwa sababu kiwanda kilipouza vyeti kiliuza na haki ya kuuita umeme ule wa jua. Paneli zinaonekana kutoka barabarani, waya unaingia kiwandani moja kwa moja, na bado mwenye kiwanda hana ruhusa ya kusema. Aliyenunua vyeti, pengine ofisi iliyo umbali wa maili elfu, ndiye mwenye ruhusa hiyo.

Kwa hiyo mfanyabiashara anapoambiwa kwamba kuuza vyeti ni pesa ya bure inayotokana na kitu asichokihitaji, si kweli. Anauza kitu chenye thamani hasa kwa duka au kampuni inayojinadi kwa wateja wanaojali mazingira.

Sasa tuje kwa mnunuzi. Mwezi Agosti 2005 Rais George W. Bush alitia saini Sheria ya Sera ya Nishati. Kifungu cha 203 kinaitaka serikali kuu ihakikishe kwamba sehemu ya umeme inaoutumia inatokana na nishati jadidifu: si chini ya asilimia 3 kwa miaka ya fedha 2007 hadi 2009, asilimia 5 kwa 2010 hadi 2012, na asilimia 7.5 kuanzia 2013 na kuendelea. Kuna maneno ya tahadhari, kwamba hilo lifanyike kwa kadiri linavyowezekana kiuchumi na kiufundi. Kuna na motisha: umeme uliozalishwa na kutumika kwenye jengo lenyewe la serikali, au uliozalishwa kwenye ardhi ya serikali kuu au ya wenyeji asilia wa Marekani na kutumika kwenye majengo yake, unahesabiwa mara mbili.

Juu ya sheria hiyo, marais wamekuwa wakiweka amri zao. Ile ya Januari 2007 ilidai angalau nusu ya umeme safi unaotakiwa kisheria utoke kwenye mitambo mipya, yaani iliyoanza kazi baada ya mwanzo wa 1999. Ya Obama mwaka 2015 iliweka lengo la asilimia 30 ifikapo 2025. Trump aliifuta mwaka 2018. Biden, Desemba 2021, akaweka lengo la asilimia 100 ya umeme usiochafua hewa kwa kaboni ifikapo 2030. Trump alifuta na hiyo siku aliyoapishwa tena, tarehe 20 Januari 2025. Asilimia 7.5 imebaki palepale, kwa kuwa iliwekwa na Bunge na si kwa kalamu ya rais. Nimeyataja haya yote kwa sababu mtu anayekopa benki ili afunge paneli analipa deni kwa miaka kumi au zaidi. Amri iliyodumu miaka mitatu haiwezi kuwa dhamana yake.

Ofisi nyingi za serikali haziwezi kufunga paneli za kutosha juu ya mapaa yao. Ofisi iliyopanga jengo jijini haina paa lake. Kambi ya jeshi inaweza kuwa na ardhi tele lakini isiwe na fedha za ujenzi mwaka huo. Njia fupi ni kununua vyeti. Mwaka 2006 shirika la serikali la kulinda mazingira, EPA, likawa taasisi kubwa ya kwanza ya serikali kuu kununua umeme safi unaolingana na asilimia 100 ya umeme wake, na vyeti vilikuwa na nafasi kubwa katika hesabu hiyo. Ofisi ambazo hazina wataalamu wa soko hili zinaweza kupitia taasisi zinazonunua kwa niaba ya wenzao: DLA Energy, kitengo cha nishati cha wakala wa ugavi wa jeshi, kilichoko Fort Belvoir, Virginia, au WAPA, mamlaka ya umeme ya magharibi yenye makao Lakewood, Colorado.

Hapo ndipo inapoingia sheria ya pili. Tangu 1953 Marekani ina sheria ya biashara ndogo, na lengo lake la leo ni kwamba asilimia 23 ya pesa ya mikataba ya moja kwa moja ya serikali kuu iende kwa wafanyabiashara wadogo. Msomaji wa Kenya ataifananisha na AGPO, utaratibu unaotenga asilimia 30 ya tenda kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tanzania nayo ina asilimia 30 kwa makundi maalumu. Kule Marekani kipimo ni ukubwa wa biashara, kwa idadi ya wafanyakazi au mapato kulingana na sekta, ingawa ndani yake kuna malengo madogo ya wanawake, maveterani waliopata ulemavu jeshini na wengineo.

Kanuni ya utekelezaji ni nyepesi kuieleza. Manunuzi yanayozidi kiwango cha chini kabisa lakini hayajafika kikomo cha manunuzi mepesi yanatengwa moja kwa moja kwa wadogo, mradi afisa manunuzi ategemee kupata angalau wazabuni wadogo wawili wenye uwezo na bei inayokubalika. Kuanzia Oktoba 2025 viwango hivyo viwili ni dola 15,000 na dola 350,000. Kabla ya hapo vilikuwa 10,000 na 250,000.

Angalia sasa kinachotokea. Cheti cha soko huria, kile kisichofungwa na sheria ya jimbo lolote, ni cha bei ya chini mno. Katikati ya miaka ya 2010 kilishuka chini ya dola 1. Kilipanda miaka ya 2020 ilipoanza, lakini kikabaki dola chache tu. Chukua ofisi inayohitaji vyeti 40,000, ambao ni umeme mwingi, na uweke bei ya mfano ya dola 2. Jumla ni dola 80,000. Tenda ya umeme mwingi kiasi hicho inaangukia katikati kabisa ya eneo la wadogo. Imeingia humo kwa sababu ya bei rahisi ya cheti tu, wala hakuna aliyekaa kufikiria namna ya kuwasaidia wenye mapaa ya paneli.

Mwenye bekari atajibuje tenda hiyo? Paneli za kilowati 100, ambazo kwa biashara ya kadiri yake ni nyingi, huko Illinois zinatoa kama megawati-saa 130 kwa mwaka. Hivyo ana vyeti 130. Ili kufikisha 40,000 angelazimika kujiunga na wenzake zaidi ya 300 wenye mapaa ya ukubwa huo. Kila mmoja awe amesajiliwa kwenye daftari la vyeti, mita yake imekaguliwa, na vyeti vyake ni vya mwaka unaotakiwa. Juu ya hayo mzabuni mwenyewe anapaswa kusajiliwa kwenye SAM.gov, mfumo wa wazabuni wa serikali kuu, na kupewa namba ya utambulisho. Na kama angeshinda, kwa dola 2 kwa cheti, sehemu yake kwa mwaka mzima ingekuwa dola 260. Hakuna mwoka mikate atakayeacha tanuri kwa ajili hiyo.

Shamba moja la upepo la megawati 100 katika nyanda za Oklahoma au Texas, likifanya kazi kwa asilimia 40 ya uwezo wake, linatoa megawati-saa 350,000 kwa mwaka. Vyeti 40,000 linavimaliza kwa wiki sita. Mwenye shamba hilo kwa kawaida ni kampuni kubwa, haruhusiwi kuingia tenda ya wadogo. Lakini anaruhusiwa kumuuzia dalali mdogo.

Basi anayejibu tenda mara nyingi ni dalali: ofisi ya watu wachache, yenye akaunti kwenye madaftari ya vyeti na yenye kujua nani anauza nini. Tuseme ananunua kwa dola 1.80 na kuiuzia serikali kwa dola 2. Katika ule mkataba wa dola 80,000, yeye anabaki na 8,000 kabla ya gharama zake, na 72,000 zinakwenda kwa mwenye mitambo ya upepo. Hesabu za serikali zitaonyesha dola 80,000 zimekwenda kwa biashara ndogo, kwa kuwa kinachohesabiwa ni mkataba na aliyeusaini. Ofisi imetimiza asilimia 7.5. Imesogea kuelekea asilimia 23. Kila karatasi iko sawa.

Simlaumu dalali. Kazi yake ni kazi: anabeba hatari ya bei kupanda kati ya siku aliyotoa ofa na siku ya kukabidhi, anakagua vyeti visije vikawa vimeuzwa mara mbili, anahakikisha mtambo uko kwenye orodha ya inayokubalika. Soko lisilo na watu kama yeye lingewafungia wadogo nje kabisa, kwa sababu hakuna ofisi ya serikali itakayokaa kusaini mikataba 300 ya dola 260. Kasoro iko kwenye tenda yenyewe. Inamuuliza mzabuni kama yeye ni mdogo. Haimuulizi kama aliyezalisha umeme ni mdogo. Kwa bidhaa za kushikika, sheria za Marekani zina kanuni inayomtaka mchuuzi katika tenda zilizotengwa apeleke bidhaa iliyotengenezwa na kiwanda kidogo cha nchini. Lakini kwa tenda za kawaida za wadogo zilizo chini ya kikomo kile cha manunuzi mepesi, hata kanuni hiyo haifanyi kazi.

Kuna swali zito zaidi ya hilo, nalo ni kama manunuzi ya namna hii yanajenga chochote. Mitambo ya upepo inayouza cheti kwa dola 1 au 2 ilijengwa kwa sababu ya bei ya umeme, unafuu wa kodi na mikataba ya muda mrefu. Vyeti ni nyongeza ndogo inayokuja baadaye. Mwaka 2022 jarida la Nature Climate Change lilichapisha utafiti uliopitia makampuni 115 yenye malengo ya kupunguza uchafuzi. Kwa hesabu za makampuni yenyewe, zenye vyeti ndani, uchafuzi utokanao na umeme walioununua ulikuwa umepungua kwa asilimia 31 kati ya 2015 na 2019. Watafiti walipoviondoa vyeti, upungufu ukawa asilimia 10. Utafiti ulihusu makampuni, si serikali, lakini vyeti ni vile vile na soko ni lile lile. Ofisi inayonunua vyeti vya mwaka mmoja vya mtambo uliojengwa zamani inahamisha haki ya kusema kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na mtambo unaendelea kuzunguka kama ulivyokuwa ukizunguka jana.

Kuna namna nyingine ya kununua, na jimbo la Illinois ndilo ninalopenda kulitolea mfano. Wakala wa Umeme wa Illinois, IPA, ni taasisi ya serikali ya jimbo iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Bunge la jimbo lilipopitisha sheria mpya ya nishati Desemba 2016, wakala huyo alipewa kazi ya kuendesha mpango wa kununua vyeti vya mitambo midogo ya jua. Mpango ulifunguliwa Januari 2019 na unajulikana kwa jina la Illinois Shines. Wakala ndiye anayepanga bei, anayeidhinisha miradi na anayeandaa mikataba. Wanaolipa, kwa amri ya sheria, ni makampuni makubwa ya umeme ya jimbo hilo, Ameren Illinois, ComEd na MidAmerican, kwa pesa inayokusanywa kupitia bili za wateja.

Tofauti ya kwanza ni bei. Haitokani na ushindani wa nani ana cheti cha bei ya chini kuliko wenzake. Wakala anapiga hesabu ya pengo lililopo kati ya gharama ya kujenga mtambo wa ukubwa fulani na kipato ambacho mtambo huo utapata kwa njia nyingine, kisha bei ya cheti inawekwa kuliziba. Ndiyo maana paneli ndogo zinapata bei ya juu kwa kila cheti kuliko kubwa. Mitambo imepangwa kwa makundi, na mdogo hashindani na mkubwa katika foleni moja. Mpango ulipoanza, kila kundi lilikuwa na mafungu, na fungu likijaa bei ya fungu linalofuata inashuka kidogo, jimbo lisije likalipa zaidi ya inavyohitajika.

Tofauti ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni wakati pesa inapolipwa. Mtambo mdogo, leo hii usiozidi kilowati 25, unalipwa vyeti vyake vyote vya miaka 15 mara unapounganishwa na kuwashwa. Mtambo mkubwa zaidi wa biashara unalipwa sehemu siku ya kuwashwa, na iliyobaki ndani ya miaka sita. Rudi kwa yule mwoka mikate mwenye kilowati 100. Katika miaka 15 atatoa vyeti 1,950. Kwa bei ya mfano ya dola 50, hizo ni dola 97,500, na mkataba anausaini kabla fundi hajapanda juu ya paa. Kama paneli na kazi ya kuzifunga ni dola 200,000, karibu nusu ya gharama ina mlipaji anayejulikana kwa jina na ratiba. Anaweza kuingia benki na karatasi hiyo. Mwenzake anayetegemea tenda ya serikali kuu hana karatasi ya kumwonyesha meneja wa mikopo.

Ukitaka kujua uzito wa ratiba hiyo, tazama jimbo la New Jersey. Huko wenye paneli walipewa vyeti vya jua vinavyouzwa sokoni kila mwaka kwa bei inayoelea. Mwaka 2011 cheti kimoja kiliuzwa kwa zaidi ya dola 600. Watu wakakimbilia kufunga paneli, vyeti vikafurika, na mwaka 2012 bei ikaanguka chini ya dola 100. Kuna waliopiga hesabu za mkopo wakiwa na ile bei ya kwanza. Bunge la jimbo lililazimika kuingilia kati mwaka huo huo kuongeza mahitaji ya vyeti, na baadaye mfumo wote ukaachwa: kuanzia 2020 mitambo mipya ikaanza kuingizwa kwenye mipango yenye bei iliyopangwa.

Illinois nayo haikukosa matatizo. Mafungu ya mwanzo yalijaa upesi, fedha zikapungua, na kufikia 2020 na 2021 kulikuwa na foleni ya miradi iliyosubiri bila kujua itasubiri mpaka lini. Wafungaji wadogo, hasa wale wasio na mtaji wa kukaa bila kazi, ndio walioumia zaidi. Sheria mpya iliyosainiwa Septemba 2021 ilifungua mlango tena kwa kupandisha kikomo cha mchango wa wateja kwenye bili, kutoka asilimia 2 na ushei hadi 4.25, na ikaongeza kundi maalumu la wakandarasi kutoka jamii zilizoachwa nyuma. Ina maana gharama iko kwenye bili ya kila nyumba, ikiwemo ya mpangaji asiye na paa. Jimbo lina miradi ya paneli za pamoja na mpango wa kaya za kipato cha chini ili kumfikia huyo pia, na nadhani hapo ndipo mfumo huu utakapopimwa kwa haki.

Hata Illinois mwenye bekari hasaini mkataba wa vyeti na jimbo moja kwa moja. Katikati yuko muuzaji aliyeidhinishwa, anayekusanya vyeti vya mapaa mengi, anayeweka dhamana na anayepokea malipo. Ni dalali pia. Ila huyu hawezi kwenda kuvichukua vyeti kwenye shamba la upepo la Texas, maana kila cheti anachopeleka lazima kitoke kwenye paa lililotajwa kwenye mkataba. Pesa anayoipokea imefungamana na mtu anayejulikana. Serikali kuu ingeweza kuandika sharti kama hilo kwenye tenda zake: vyeti vitoke kwenye mitambo isiyozidi ukubwa fulani, inayomilikiwa na biashara ndogo, na mkataba uwe wa miaka kadhaa. Bei ya cheti ingepanda, hilo halina ubishi. Kwa asilimia 7.5 tu ya umeme, na kwa mnunuzi wa ukubwa ule, naamini ni gharama inayobebeka.

Jambo hili limeshafika Afrika yetu, ingawa mnunuzi wake hakuwa serikali. Goma, mashariki ya Kongo, kampuni ya Nuru ilijenga mtambo wa jua wa megawati 1.3 unaohudumia wateja mjini humo bila kutegemea gridi ya taifa. Mwaka 2020 Microsoft ilinunua vyeti vyake, chini ya aina maalumu ya vyeti iliyobuniwa na shirika la Energy Peace Partners kwa ajili ya maeneo yenye migogoro. Mapato yakaelekezwa kwenye taa za barabarani katika mtaa wa Ndosho. Kilichonivutia ni kwamba mnunuzi alijua anaulipia mtambo gani na pesa inakwenda kufanya nini, tofauti kabisa na kuokota vyeti vya bei rahisi kwenye rundo. Kenya na Tanzania zina sheria za kutenga tenda, zina wazalishaji wadogo wa umeme wa maji na wa jua, na zina mashirika ya umma yanayotumia umeme mwingi. Siku zitakapoamua kuziunganisha sheria hizo na vyeti, zitachagua kati ya tenda ya dalali na mkataba wa paa, na ni vema uchaguzi huo ujulikane mapema, kabla fomu za zabuni hazijachapishwa.

Kwa mfanyabiashara aliyeko Marekani anayefikiria paneli sasa, wakiwemo ndugu zetu wenye maduka na gereji huko, cha kuanza nacho ni kifungu cha umiliki wa vyeti kwenye mkataba wa ufungaji. Paneli za kukodi mara nyingi zinaacha vyeti mikononi mwa aliyezifunga, na mwenye paa anabaki na punguzo la bili peke yake. Hilo si dhuluma ikiwa punguzo limezingatia thamani ya vyeti, ila lazima aulize. Aulize pia vyeti vinauzwa kwa miaka mingapi, nani anabeba hasara paneli zikitoa umeme pungufu ya ulioahidiwa, na kama duka litaruhusiwa kuandika dirishani kwamba linatumia jua. Akiisha kuuza vyeti vyote na bado anataka maneno hayo, ipo njia halali: ananunua vyeti vya bei nafuu vya upepo kutoka soko huria, vinavyolingana na uniti alizotumia, anavifunga kwa jina lake, kisha anatangaza umeme safi bila kudai kwamba ni wa paa lake.